Nyumba Wanaongea

Ndugu wasomaji, kabla hamjanisahihisha kichwa cha makala haya, naomba subira. Ngeli nazijua. Nimezifundisha kwa miaka 34, kidato cha kwanza hadi cha nne, na kalamu yangu nyekundu ilikuwa na sifa mbaya katika kila shule niliyopitia. Kichwa hicho si changu. Ni cha mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 8, aliyekisema mwishoni mwa Februari katika kijiji cha Guarda, kwenye milima ya Alpi, upande wa mashariki wa Uswisi, na tangu siku hiyo sijaweza kukisahau.

Binti yangu ni muuguzi mjini Chur na ameolewa huko. Mama wa mume wake ni mjane wa miaka 76, anaishi Guarda katika nyumba aliyozaliwa. Mjukuu wetu humwita Nona, yaani bibi kwa lugha ya bonde lile, na mimi huniita Bibi. Hivyo mtoto ana bibi wawili wenye majina mawili na hajawahi kutuchanganya. Kwa desturi zetu mama huyu ni mkwe wangu, na mkwe haitwi jina, basi nami nikamwita Nona kama mtoto. Tatizo lilikuwa kusemezana. Nona anajua Kiromanshi, Kijerumani na Kiitalia. Mimi najua Kiswahili na Kiingereza, na Kigweno ambacho nitakieleza baadaye. Wazazi wa mtoto walitufikisha, wakalala siku mbili, wakarudi kazini. Mtoto alikuwa likizo. Akawa ndiye mkalimani wetu.

Naye alikuwa mkalimani asiyetaka kazi. Kiswahili cha mama yake anakielewa chote, lakini tangu aanze shule hujibu kwa Kijerumani. Kiromanshi cha Nona anakielewa nusu, na nacho hukijibu kwa Kijerumani. Nilikuwa nimelalamika kwa binti yangu juu ya jambo hili kwa miaka miwili, kwa simu, kwa sauti ya mwalimu. Sasa mtoto alikuwa amekaa katikati ya wanawake wawili wenye mvi, mmoja asiyejua Kijerumani kabisa, na ilibidi afungue mdomo.

Lakini nianze na theluji, maana ndiyo niliyoifuata. Nilizaliwa Ugweno, Upare ya Kaskazini, ambako siku isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana ng'ambo ya tambarare na weupe wake kichwani. Kwa hiyo theluji niliiona kabla sijajua kusoma, kwa mbali, kama mtu anavyoona taa ya nyumba ya watu. Baadaye nikaifundisha. Niliwaambia wanafunzi kwamba neno theluji tumelipata kwa Waarabu, na barafu limetufikia kwa njia ya Uajemi na Bara Hindi. Kwamba lugha iliyozaliwa kwenye minazi ilikiazimia majina mawili kitu isichokuwa nacho. Mwanafunzi mmoja aliniuliza tofauti yake. Nikamjibu kwa ujasiri mkubwa, mimi ambaye barafu niliyoishika ilikuwa ile ya kunyonya, inayouzwa kwenye vifuko vya plastiki langoni mwa shule.

Treni nyekundu ya kutoka Landquart hupanda hadi Klosters, kisha huingia kwenye shimo la Vereina, njia ya chini ya mlima yenye urefu wa kilomita 19, iliyofunguliwa mwaka 1999. Unaingia upande mmoja, unakaa gizani kama robo saa, unatokea katika bonde la mto ambao wenyeji huuita En na Wajerumani Inn. Hilo ndilo bonde la Engadin ya Chini. Nilipotoka nje ya treni kituo cha Guarda, kitu cha kwanza hakikuwa baridi. Kilikuwa ukimya. Sauti zote zilikuwa zimefunikwa: basi la posta la njano lilikuja likiwa karibu kabisa ndipo nikalisikia. Nikainama, nikavua glavu, nikachota. Haikuwa nzito. Ilikuwa kama unga wa sembe uliochekechwa mara mbili, ikakaa kiganjani sekunde chache, ikawa maji yakapita katikati ya vidole. Mjukuu wangu alinitazama, akatamka neno la kwanza la Kiswahili nililosikia kutoka kwake kwa muda mrefu: "Bibi, theluji anakufa."

Mkono wangu uliinuka wenyewe. Nilikuwa tayari kusema, "Inayeyuka. Theluji *inayeyuka*." Sijui nini kilinizuia, labda uchovu wa safari. Nikavaa glavu.

Guarda iko mita 1,653 juu ya usawa wa bahari, kwenye kitako cha mlima kinachotazama jua. Kijiji kizima mtu hukimaliza kwa mguu bila kuchoka. Majeshi ya Austria yaliliteketeza bonde hili mwaka 1622, na nyumba nyingi zinazoonekana leo zilijengwa upya baada ya moto ule. Kuta zake ni nene kama za ngome, na madirisha ni madogo yaliyozama ndani, mapana kwa nje na membamba kwa ndani, ili yaikaribishe nuru na kuifukuza baridi. Mlango mkubwa wa tao huingia kwenye ukumbi uitwao sulèr. Gari la nyasi kavu lilipita humo humo, katikati ya nyumba, hadi ghalani nyuma. Ng'ombe, nyasi na watu chini ya paa moja. Mgweno anaielewa nyumba ya namna hiyo bila kuelezwa, maana nasi tulilala na mbuzi.

Kilichonisimamisha ni maandishi. Ukutani mafundi hupaka lipu ya rangi ya kijivu, juu yake hupaka chokaa nyeupe, na kabla haijakauka huikwangua kwa chuma chenye ncha, ile ya chini ikatokeza. Mbinu hiyo huitwa sgraffito na ilitoka Italia. Huchora maua, jua, samaki, majoka ya baharini katika nchi isiyo na bahari. Na huandika: jina la mwenye nyumba, mwaka, kisha usemi. Mingine ni dua, mingine ni mzaha, mingine ni neno la kumchoma jirani mwenye kijicho. Nona alipita nyumba hadi nyumba akinisomea kwa Kiromanshi, kisha kwa Kijerumani, na mtoto akanitilia kwenye Kiswahili kama anavyomwaga maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, mengi yakimwagika nje. Nilielewa nusu. Lakini nusu hiyo ilinitosha kutambua kwamba nilikuwa nasoma kanga. Kanga za mawe, zilizovaliwa na nyumba miaka 300 bila kufuliwa. Nilijaribu kumweleza mtoto kwamba kwetu wanawake huvaa maneno ya namna hii kiunoni, na jirani akipita anajua amesemwa. Akamweleza Nona. Nona akacheka hadi akashika ukuta. Mtoto, kwa furaha ya kuwa amefanikiwa kuwachekesha wazee wawili kwa mkupuo, akanigeukia akasema kwa sauti kubwa: "Hapa nyumba wanaongea!"

*Zinaongea.* Nililisikia sahihisho likigonga meno yangu kwa ndani. Halafu nikatazama tena nyumba zile na vinywa vyake vya tao, na macho yake yaliyozama, na nikafikiri: amezihamisha. Amezitoa katika ngeli ya vitu na kuzitia katika ngeli ya watu. Mshairi akifanya hivyo tunaandika pembeni "tashihisi" na kumpa alama. Mtoto akifanya tunampa mstari mwekundu.

Jioni tulikaa katika stüva, chumba cha kuotea moto kilichoezekwa pande zote mbao za msonobari wa milimani, wenye harufu isiyokwisha hata baada ya karne. Nona alileta keki ya kokwa na asali, akamwambia mtoto aniulize: lugha ya mama yangu ni ipi? Si ya shuleni. Ya mama.

Hapa ndipo mahali pa kukiri. Kigweno ni lugha ya kata chache za mlimani wilayani Mwanga. Majirani zetu Wapare husema Chasu, lakini wataalamu wa lugha hukiweka Kigweno karibu zaidi na lugha za Kichaga. Wasemaji wake wanazidi kuhamia Chasu na Kiswahili. Mimi ni mmoja wa waliohama. Nilipopata watoto niliamua Kigweno kisivuke kizingiti cha nyumba yangu, kwa sababu nilitaka wasiandike insha zenye "athari za lugha ya kwanza", maneno niliyoyafundisha katika chuo cha ualimu na kuyaandika katika ripoti kwa mwandiko mzuri. Nilifanikiwa. Binti yangu hana athari hiyo. Hana hata neno moja.

Nona akasema, basi hesabu. Hesabu moja hadi kumi. Nikaanza vizuri, moja hadi tano zilitoka kana kwamba zilikuwa zimenisubiri. Nikaendelea, nikafika kumi, nikashusha pumzi. Mtoto akaniangalia kwa mashaka. "Bibi," akasema, "hiyo ni Kiswahili." Sikumwelewa. Akanihesabia kwa vidole alivyosikia: sita, saba, nane, tisa, kumi. Nilivuka mpaka bila kujua nimevuka. Na kwa wapenzi wa asili ya maneno: sita, saba na tisa hata si za Kibantu, ni za Kiarabu, Kiswahili chenyewe kiliwahi kusema tandatu na fungate na kenda, kikaziacha, na leo fungate tunayo katika harusi tu. Kwa hiyo nilipokuwa namhesabia Nona lugha ya mama yangu, nilikuwa nasema deni la deni. Nona hakucheka. Alinimiminia chai.

Yeye ana hesabu yake. Sensa ya Uswisi ya mwaka 2000 iliwakuta watu 35,095 tu waliotaja Kiromanshi kuwa lugha yao kuu. Nchi yao haikuwatupa: tarehe 20 Februari 1938, Wafashisti wa Italia walipokuwa wakidai kwamba lugha ile ni lahaja ya Kiitalia, wapiga kura wa Uswisi waliikubali iwe lugha ya nne ya taifa kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini lugha ile si moja. Kila bonde lina yake, na tano kati yake zina maandishi yake: Sursilvan, Sutsilvan, Surmiran, Putèr na Vallader. Nona ni wa Vallader, na wa Putèr huwatania kama Mvita anavyomtania Mwamu. Mwaka 1982 profesa Heinrich Schmid wa Zurich alitoa mwongozo wa lugha sanifu ya pamoja, Rumantsch Grischun. Alichukua lahaja tatu, akazilinganisha, na penye tofauti akafuata umbo la zile mbili zilizokubaliana. Ni kazi ya akili sana. Serikali ya jimbo ikaipokea, na baadaye ikataka vitabu vya shule viandikwe kwa lugha hiyo tu. Wazazi wa mabonde wakainuka. Katika shule nyingi ilibidi lahaja zirudishwe.

Nilimuuliza Nona anaionaje lugha hiyo ya profesa. Alijibu kwa sentensi ndefu, mikono ikirushwa. Mtoto akafikiri kidogo, akanipa tafsiri yake: "Nona anasema, lugha ile hana nona."

Haina bibi. Hakuna aliyelelewa nayo.

Nilitaka kubishana, na kwa kweli nilibishana, kwa kupitia mdomo wa mtoto wa miaka 8, maskini. Nilisema kwamba nasi tulikuwa na mabonde yetu, ya maji: Kiamu, Kimvita, Kiunguja na mengine. Katika mkutano wa Mombasa wa 1928 Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi, na kuanzia 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikashika mkasi. Kimvita, lugha ya Muyaka, kikaachwa nje ya mlango. Walilalamika, na baadhi wanalalamika hadi leo. Lakini bila usanifu ule, msichana wa Ugweno asingesoma Shaaban Robert, wala asingekuwa mwalimu, wala asingefika Guarda kula keki. Nona alisikiliza yote. Kisha akauliza, kwa upole: na yule mtoto wa Kimvita darasani kwako, ulimfanya nini?

Nilimkumbuka papo hapo. Alikuwa kidato cha pili, baba yake alihamia kwetu kutoka Mombasa. Aliandika katika insha kwamba "mato" ya bibi yake yalikuwa yameingia ukungu. Nilikata "mato", nikaandika juu yake "macho", nikapunguza alama. Wiki hiyo hiyo, katika kipindi cha ushairi, nilisifu neno hilo hilo ubaoni kama "uhuru wa mshairi". Yule mtoto aliinua mkono, kisha akaushusha. Sikumwuliza alitaka kusema nini.

Tarehe 1 Machi ni Chalandamarz, siku ya watoto. Ni desturi ya kale ya kufukuza baridi. Watoto wa shule huvaa shati la buluu na kofia nyekundu ya kuchongoka, wakashika kengele za ng'ombe, wakazunguka kijiji na chemchemi zake kwa kuimba kwa Kiromanshi. Kengele kubwa huwa mbele, na ndogo nyuma. Guarda inajulikana kwa jambo hili kwa sababu ya kitabu cha watoto cha mwaka 1945, kilichoandikwa na Selina Chönz, mwenyeji wa Engadin, na kuchorwa na Alois Carigiet, kumhusu mvulana aliyepewa kengele ndogo kuliko wote na akapanda peke yake kwenye theluji hadi banda la malisho ya kiangazi kutafuta kubwa. Mjukuu wangu anakijua kwa moyo, kwa Kijerumani. Nona alimtolea kengele ya ukubwa wa kati, iliyovaliwa na ng'ombe wa marehemu mumewe, akamvika mkanda wake mpana wa ngozi kupitia shingoni, akamsukuma kwenye mkia wa msafara.

Nilikuwa nimesimama kando ya chemchemi wakati watoto walipopita, na nilipoona mkanda ule kwenye shingo ya mtoto nikahisi kichefuchefu. Wasomaji wa umri wangu watajua kwa nini. Katika shule moja niliyofundisha kulikuwa na kibao kidogo cha mninga, chenye tundu na kamba ya katani. Mwanafunzi aliyesikika akisema lugha isiyo Kiingereza alivikwa shingoni, akakivaa hadi amkamate mwenzake, na aliyekutwa nacho jioni alifagia uwanja au alichapwa. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Wiki yangu ya zamu nilikuwa natoka darasani, ambako nimetoka kuwasifia watoto uzuri wa Kiswahili, na dakika tano baadaye nikamvika mtoto kibao kwa kosa la kukisema. Sikuona kinyume chake. Niliona nidhamu. Kulikuwa na binti wa kidato cha kwanza, mpole, aliyevikwa mara tatu katika wiki moja, mara mbili kwa lugha ya kwao na mara moja kwa Kiswahili. Baada ya hapo akapata dawa ya kibao kile: akanyamaza. Muhula mzima hakusema kitu nje ya darasa, kwa lugha yoyote. Katika ripoti niliandika "mtulivu".

Kengele zilipiga kelele isiyoelezeka. Mlima wa ng'ambo uliipokea na kuirudisha. Mjukuu wangu alipita mbele yetu uso ukiwa mwekundu kwa baridi, mdomo wazi, akiimba. Maneno alikuwa akiyajua nusu. Penye pengo alikuwa akitia sauti tu, la-la-la, kwa nguvu ile ile. Nona alitikisa kichwa kwa mdundo, na sikuona uso wake ukikunjamana hata mara moja kwa zile la-la-la.

Usiku sikulala. Niliandika ubeti mmoja, wa kwanza baada ya miaka kadhaa. Nauweka hapa kwa kuwa huu ni uwanja wa mizani, nanyi mna haki ya kuikagua:

Nalifunza ya theluji, miaka tele shuleni,
Kumbe ni jamaa maji, aliyelala njiani,
Imefunika kijiji, na kengele zi shingoni,
Mjukuu msemaji, nisikupime mizani.

Wiki iliyofuata binti yangu na mumewe walirudi, tukaenda kuona mashindano. Engadin Skimarathon yalianza 1969 na hufanyika Jumapili ya pili ya Machi: kilomita 42, kutoka Maloja hadi S-chanf, juu ya maziwa yaliyoganda, na washiriki kwa kawaida huzidi 10,000. Wenyewe wanatembea juu ya vibao virefu vyembamba, fimbo mkononi, na ukiwatazama kutoka mlimani ni siafu wa rangi zote waliopata njia. Walio wepesi humaliza kwa muda usiofika saa mbili. Lakini nilichopenda ni wale wa mwisho, wazee kwa vijana, waliofika wakati waandaaji wameanza kuchoka kupiga makofi. Nona aliwapigia kengele aliyoileta ndani ya mkoba. Tukasogea kituo kimoja mbele, mji wa Zuoz, kwa sababu mkwe wangu alijua nitapenda kuuona. Huko aliishi Gian Travers, ambaye mwaka 1527 alitunga utenzi wa vita alivyovijua mwenyewe, na huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa fasihi andishi ya Kiromanshi. Utenzi wa vita! Nilimwambia kwamba nasi, hati ya kale ya Utenzi wa Tambuka ni ya mwaka 1728, na nayo ni vita. Akaniuliza kwa nini lugha huanza kuandika kwa kupigana. Sikuwa na jibu, nikasingizia baridi.

Siku ya mwisho walinipeleka Morteratsch kuona barafuto. Neno hilo nalipenda. Kwa sikio langu ni barafu iliyofunga ndoa na mto. Kando ya njia kuna nguzo zenye miaka, kila moja ikionyesha barafu ilifikia wapi, na unatembea kutoka mwaka hadi mwaka, na barafu haipo, na unatembea tena. Nilikumbuka weupe wa Kilimanjaro wa utotoni mwangu, ambao sasa umebaki vipande. Mkwe wangu akasema kwamba Kiromanshi nacho ni kama barafuto, kila kizazi nguzo moja nyuma. Ni tamathali nzuri, nami ningempa alama, lakini nilimkatalia. Barafu haikuamua kuondoka. Kigweno nyumbani kwangu kilifukuzwa na mtu mwenye jina, cheo na kalamu nyekundu.

Mtoto alikuwa ametangulia mbele, akipiga teke vipande vya barafu. Akarudi mbio kuniletea kimoja, kizito, chenye rangi ya samawati ndani. "Bibi, shika. Huyu mzee sana." Nikakishika hadi vidole vikafa ganzi.

Niliporudi nyumbani nilimpigia dada yangu mkubwa, ambaye hajawahi kuhama Ugweno. Nikamwomba azungumze nami kwa Kigweno peke yake. Akadhani nimepatwa na msiba. Tulipokwisha kuhakikishiana kwamba hakuna aliyefariki, nikamwambia nataka kuhesabu. Nikafika tano, nikanyamaza. Akanitajia ya sita. Nikairudia vibaya. Akaitaja tena, polepole, kama mtu anayemshika mkono mgonjwa kwenye ngazi, na tukaendelea hivyo hadi kumi. Sasa tunapigiana kila Jumamosi. Hunicheka sana.

Na mwezi wa Aprili nikapata ujumbe wa sauti kwenye simu, bila salamu, sauti nyembamba yenye pumzi ya mtoto aliyetoka kukimbia: "Bibi, theluji ameondoka."

Nikabonyeza, nikamjibu: "Ameenda wapi?"